Jumapili ya anayefungua geti

Ndugu msomaji, leo ni Jumapili na Barabara ya Bagamoyo imefunguka. Mwendo wa kutoka Bunju hadi Mwenge, ambao juzi Ijumaa ulikula karibu saa mbili za maisha yako, leo unaumaliza kwa nusu saa na ushei. Na pengine leo ndiyo siku pekee ya wiki ambayo umeiona nyumba yako kwa mwanga wa jua. Umeona rangi ya ukuta imeanza kubanduka upande wa bafuni. Umeona mwembe ulioupanda mwaka ule umeshaanza kuzaa. Umemwona mtoto wa jirani ukashtuka alivyorefuka.

Nasema na wewe unayeishi Mbweni, Boko, Tegeta, Madale, Goba au Mbezi Beach, na ndugu zako wa Kibada na kwingineko pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam. Sensa ya mwaka 2012 ililikuta jiji hili na watu 4,364,541. Ile ya 2022 ikawakuta 5,383,728. Hilo ni ongezeko la watu zaidi ya milioni moja kwa miaka kumi, na wote hao wasingeweza kupata nafasi Kariakoo na Magomeni. Jiji limetanuka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Serikali ilipoanzisha mradi wa viwanja 20,000, maeneo kama Mbweni, Bunju, Kibada, Buyuni na Mwanagati, ambako watu walilima na kuvuna korosho na nazi, yakapata namba za vitalu na mawe ya mipaka. Aliyepata kiwanja alimshukuru Mungu. Akaanza kujenga taratibu, mkopo juu ya mkopo, saruji leo, nondo mwaka ujao. Wengi walihamia kabla dari halijafungwa, wakalala chini ya mabati, wakamwalika mchungaji au padre aje aibariki nyumba ikiwa bado inanuka chokaa.

Sina neno baya la kusema juu ya nyumba hiyo. Nimewasikia wahubiri wanaowasema watu wa mitaa hii kana kwamba kila mwenye geti ameiba, na mara nyingine wahubiri hao hao hurudi Jumatatu na bahasha za mchango wa ujenzi. Nyumba uliyoijenga kwa jasho ni baraka, na Biblia haimwonei haya mtu mwenye nyumba nzuri.

Lakini tuseme ukweli kuhusu nyumba hiyo. Mwenye nyumba haishi humo. Analala humo. Gari linatoka saa kumi na moja alfajiri ili liwahi foleni kabla haijakaza pale Tegeta na Mwenge. Basi la shule linawachukua watoto gizani wakisinzia, na begi lina chai kwenye chupa. Jioni baba anaingia saa mbili, mama saa tatu, na siku ya mvua ni heri usiulize. Mtoto mdogo anakutana na wazazi wake wakiwa wamevaa nguo za kulalia asubuhi na nguo za kulalia usiku. Mchana kutwa wazazi ni picha zilizotundikwa sebuleni.

Basi nani anaishi hapo?

Anaishi dada wa kazi. Anaishi mlinzi. Anakuwapo kijana anayefyeka majani na kumwagilia bustani, mama wa genge pale kwenye kona anakonunuliwa mchicha, na kijana wa bodaboda anayeletewa simu aje achukue mtungi wa gesi. Hao wanajuana. Dada wa nyumba yako anajua kwamba bibi wa nyumba ya tatu alianguka bafuni wiki iliyopita, na anajua ni nani aliyemshika mkono kumpeleka zahanati. Mlinzi wako anajua ni nyumba ipi imeuzwa. Wanakopeshana chumvi, vocha na kiberiti. Ule ujirani tunaolalamika kwamba umekufa katika mitaa yenye kuta ndefu haujafa. Upo, unaendelea kila siku kuanzia saa mbili asubuhi hadi jioni. Tusioufahamu ni sisi tulio na hati za nyumba.

Ukitaka kuthibitisha, nenda ofisi ya serikali ya mtaa uombe barua ya utambulisho. Mjumbe atakutazama kwa adabu zote, kisha atakuuliza: "Samahani mzee, wewe unakaa kwa nani?" Umeishi hapo miaka tisa. Ukisema ni ile nyumba yenye tanki jeusi, atatikisa kichwa, bado hajakupata. Ukimtaja dada wa kazi, uso wake utafunguka: "Aah, kwa akina Neema!" Neema si jina la mke wako wala la binti yako. Ni jina la yule binti uliyemtoa Iringa au Singida kwa ahadi kwamba atalelewa kama mtoto wa nyumbani.

Sasa tufungue Maandiko. Luka, mwandishi wa Injili, ana mageti mawili katika vitabu vyake, na naomba tusimame kwenye yote mawili.

Geti la kwanza lipo katika Luka 16, katika mfano wa tajiri na Lazaro. Tumehubiriwa mfano huu mara nyingi hata hatuusikii tena. Tazama lakini jambo hili. Bwana Yesu hasemi kwamba yule tajiri alimpiga Lazaro, wala hasemi kwamba alimfukuza pale mlangoni. Anasema tu kwamba mmoja alikula na kuvaa vizuri kila siku, na mwingine alilazwa getini pake akiwa na vidonda. Tajiri alikuwa anaingia na kutoka. Wengi tunamfikiria kwamba hakumwona Lazaro kabisa. Si kweli, alimwona. Alimjua hata jina. Akiwa kuzimu katika mateso anamtaja kwa jina mbele ya Ibrahimu, bila kuambiwa na mtu kwamba yule pale ni nani.

Na anamtaja kwa ajili gani? Amtume. Anaomba Lazaro atumwe amletee tone la maji. Akikataliwa, anaomba tena Lazaro atumwe nyumbani kwa baba yake akawaonye ndugu zake watano. Kila kitu kimegeuka, juu kumekuwa chini, na bado machoni pake Lazaro ni mtu wa kutumwa. Hamwombi msamaha. Hazungumzi naye hata neno moja, anazungumza na Ibrahimu juu yake, kama tunavyozungumza mezani juu ya dada aliyesimama mlangoni akisubiri kutoa vyombo. Mfano huu hunitisha hapo kuliko pale kwenye moto. Mtu anaweza kulijua jina la mwenzake kwa miaka mingi, na jina hilo asilitumie kwa jambo lolote isipokuwa kumwagiza.

Geti la pili lipo Yerusalemu, katika Matendo ya Mitume 12, nyumbani kwa Mariamu mama yake Yohana aitwaye Marko. Wasomaji wengi huipita habari hii haraka wakikimbilia muujiza wa Petro kutolewa gerezani. Mimi naomba tuitazame nyumba yenyewe. Ilikuwa nyumba kubwa, maana watu wengi walikusanyika humo kusali usiku. Ilikuwa na lango la nje. Na ilikuwa na msichana wa kupokea wageni, jina lake Roda. Kwa lugha yetu tungesema ilikuwa nyumba ya Mbezi Beach yenye jumuiya ya sala na dada wa kazi.

Petro anabisha hodi. Roda anakwenda kusikiliza, na kabla hajafungua anaitambua sauti. Anafurahi hata anasahau kufungua, anakimbia ndani kuwaambia. Wao, watu wazima waliokuwa wakiomba, wanamwambia amerukwa na akili. Anashikilia neno lake. Wanasema basi huyo ni malaika wake. Petro yuko nje anaendelea kugonga.

Jiulize, ndugu yangu: Roda aliijuaje sauti ya Petro, usiku, mlango ukiwa umefungwa? Hakuna njia ya kuijua sauti ya mtu isipokuwa umemsikiliza, tena mara nyingi. Maana yake ni kwamba Petro alipokuwa akifundisha katika nyumba ile, Roda hakuwa jikoni siku zote. Alikuwapo. Alisikia. Na furaha iliyomfanya asahau kazi yake ya kufungua lango ilikuwa furaha ya mtu ambaye maombi yale yalikuwa yake pia. Mama Mariamu yule, mwenye nyumba, hatuambiwi neno lake hata moja. Lakini tunajua jambo moja juu ya nyumba yake: aliyekuwa akifungua lango alikuwa amefundishwa.

Dada wa nyumbani kwako, je, angeijua sauti ya mchungaji wako?

Hapa ndipo ninapofika kwenye leo, Jumapili. Asubuhi hii magari yametoka kwenye mageti hayo. Baba amevaa shati la kitenge, mama kitambaa kile kile, watoto wamepakwa mafuta. Aliyewapaka mafuta ni dada. Aliyepiga pasi lile shati ni dada, jana saa nne usiku, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika mchana. Amelifungua geti, gari limetoka, amelifunga. Sasa anamenya viazi. Mtarudi saa saba na wageni wawili kutoka kwaya, na pilau iwe tayari.

Amri ya Sabato tunaifahamu sote. Wakatoliki na Walutheri huihesabu kuwa ya tatu, Waanglikana na wengine huihesabu kuwa ya nne, na kwa hesabu yoyote ile ni ndefu. Katika Kutoka 20 Mungu hakutosheka kumwambia mwenye nyumba apumzike. Alihesabu watu wa nyumba mmoja mmoja: mwana, binti, mtumwa wa kiume, mtumwa wa kike, hata mnyama, hata mgeni anayeishi kwenye miji yako. Sijui amri nyingine katika zile kumi inayowataja watu wengi namna hii. Ni kana kwamba Mungu alijua tutakavyofanya: tutapumzika sisi, na mapumziko yetu tutayaweka mgongoni mwa mtu mwingine.

Kumbukumbu la Torati 5 inaongeza sababu. Inasema mtumishi wako apumzike vilevile kama wewe, nawe ukumbuke kwamba ulikuwa mtumwa katika nchi ya Misri. Sababu hiyo inakuhusu wewe wa foleni kuliko mtu mwingine yeyote. Wewe unajua kuchoka. Unajua kuamka saa kumi kwa sababu ya ratiba ambayo hukuipanga. Unajua kulala ukiwa umeketi kwenye usukani pale taa za Mwenge hadi wa nyuma akupigie honi. Unajua kufanya kazi mwezi mzima, mshahara ukaingia benki ukakatwa mkopo kabla hujauona. Misri hiyo unaiishi kila Jumatatu. Basi wa kumwelewa binti anayelala baada yako na kuamka kabla yako alipaswa kuwa wewe.

Najua utasema nini. Utasema: dada wetu hajalazimishwa, yeye mwenyewe hapendi kutoka. Inawezekana. Umemuuliza lini? Utasema: Jumapili ndiyo siku nyumba ina watu wengi, asipokuwapo nani atapika? Swali zuri, nitalirudia. Utasema: huyu wetu ni Mwislamu, hana haja na ibada yetu. Ndugu, amri haikusema mgeni apumzike ili aje hekaluni. Ilisema apumzike. Binti Mwislamu ana dada yake Manzese, ana shangazi Mbagala, ana nywele za kusuka, ana usingizi. Hiyo siku ni yake. Ukitaka aione nuru ya Kristo kwako, mpe siku hiyo bila kumwuliza ataifanyia nini.

Na kama Maandiko yameshindwa kutugusa, sheria za nchi zipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri Tanzania Bara ampe mfanyakazi mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki, na likizo ya mwaka ya siku 28. Haikusema isipokuwa wa majumbani. Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka Sh60,000 kwa mwezi kuwa kima cha chini kwa mfanyakazi wa kawaida wa ndani anayeishi kwa mwajiri. Fedha hiyo gari lako linaweza kuimaliza kwa mafuta kabla ya Alhamisi. Na bado wapo, tena wanaotoa fungu la kumi kwa uaminifu, wasiofikia hata hapo. Au wanaofikia kwa mdomo, kisha fedha "anatunziwa" hadi atakapokwenda kwao, na siku ya kwenda hesabu inakuwa na sahani zilizovunjika. Kumbukumbu la Torati 24 inataka ujira wa maskini ulipwe siku hiyo hiyo, jua lisitue. Yakobo, katika sura ya 5, anasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele na kelele hizo zinafika masikioni mwa Bwana. Katika ibada ya leo utaimba kwa sauti kubwa. Huo ujira nao una sauti, na zote mbili zinakwenda mahali pamoja.

Sitazungumzia hapa watoto wa miaka 13 na 14 wanaoletwa mjini kulea watoto wenzao. Aliye chini ya miaka 18 ni mtoto kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na wanaofanya hivyo wanajua wanachofanya, ndiyo maana mgeni akija huambiwa ni mpwa wao.

Lazima niseme pia na makanisa yetu, maana tumezoea kuwalaumu waumini peke yao. Mkutano wa jumuiya katika mitaa hii mara nyingi unahudhuriwa na nani? Wenye nyumba wako barabarani au kazini, wanatuma mchango kwa simu. Anayekuja ni dada, ameagizwa "awawakilishe". Anafika na kitenge begani, anakaa karibu na mlango, anaandikwa kwenye daftari kwa jina la mwajiri wake: "Mwakilishi wa Mama Brian." Miaka mitatu anasali na jumuiya hiyo na jina lake halimo. Siku akiugua, jumuiya haijui pa kumwandika. Siku akifukuzwa usiku kwa kosa la kweli au la kusingiziwa, hakuna anayeuliza yule wa karibu na mlango yuko wapi. Huko kwao alikuwa mwanakwaya, alipata kipaimara mbele ya usharika mzima, wazazi wake wanaamini kwamba mjini yuko mikononi mwa Wakristo. Wazee wa kanisa na viongozi wa kanda, daftari ni lenu. Kalamu ni yenu.

Zipo familia zilizokwisha kulitatua jambo hili bila makelele, na namna yao ni rahisi. Sharika na parokia nyingi zina ibada ya kwanza ya alfajiri na ya pili ya saa nne au karibu na hapo. Dada anakwenda ya kwanza kwa miguu au kwa bajaji, na nauli anapewa mkononi siku moja kabla, asiombe. Au anapanda gari pamoja na familia, anakaa nao benchi moja, si benchi la nyuma pamoja na watoto wanaolia. Kutoka hapo siku ni yake hadi jioni. Mlinzi naye anapangiwa zamu na mwenzake wa nyumba ya jirani, jambo ambalo linawalazimu wenye nyumba wawili wazungumze kwa mara ya kwanza tangu walipogombana juu ya mpaka.

Nikarudie sasa lile swali la nani atapika. Mtapika ninyi. Jumamosi usiku loweka maharage. Watoto wa miaka 12 wanaweza kuosha mchele, na kama hawawezi, hiyo ni habari nyingine ya kusikitisha. Wageni wa kwaya watakula walichokikuta. Chakula kitachelewa, chumvi itazidi, na mtamaliza vyombo saa kumi na moja jioni mkiwa mmechoka.

Na mkirudi kutoka ibadani mtalikuta geti limefungwa, hakuna wa kulifungua. Itabidi ushuke kwenye gari, wewe mwenyewe, na shati lako la kitenge. Utagundua kwamba bawaba ya chini imeshuka siku nyingi, na ukisukuma geti linagoma. Ni lazima kwanza ulinyanyue kidogo kwa bega. Neema amekuwa akilinyanyua hivyo kila alfajiri. Akirudi jioni, muulize anavyofanya. Fundi mwiteni Jumatatu.